Nusu Mwezi Chini ya Picha

Chukua albamu ya harusi iliyofanyika ukumbini miaka kumi na tano hivi iliyopita, enzi ambazo kamera za dijitali za kubadilisha lenzi zilianza kufikika kwa kijana wa mtaani mwenye pa kukopa. Ifungue taratibu. Kurasa za mwanzo, za bibi harusi akipambwa na kuvishwa shela, hazina neno. Ukifika kwenye picha za makundi, zile za ukoo mzima uliosimama mbele ya pazia la satini, tazama chini, katikati. Mara nyingi utakuta kitu cheusi pale. Kina umbo la nusu mwezi unaochomoza kwenye ukingo wa picha, kingo zake zimefifia, kimelala juu ya zulia au juu ya miguu ya watoto walioketishwa chini. Mwenye albamu huenda hajawahi kukiona, kwa sababu macho yake huenda moja kwa moja kwenye nyuso. Siku akikiona atasema studio ilisafisha picha vibaya. Studio haihusiki. Kile ni kivuli cha lenzi ileile iliyopiga picha.

Maelezo yake ni mepesi. Flashi iliyojengwa ndani ya kamera huchomoza juu ya paji la kamera, sentimita chache tu kutoka usawa wa lenzi. Mwanga ukitoka pale kwenda mbele na chini hukutana kwanza na bomba la lenzi, hasa likiwa refu au nene, au likiwa limevishwa hudi, ile kofia ya plastiki ya kuzuia jua. Sehemu ya chini ya mwanga inakatwa. Ni sawa na kuongozwa usiku na mtu aliyeshika taa nyuma yako: kinachotangulia njiani ni kivuli chako mwenyewe. Ukisimamisha kamera wima, nusu mwezi nao unahama na kwenda kukaa ubavuni mwa picha, jambo linalowachanganya wanaoanza kazi, maana wanautafuta chini nao uko pembeni.

Lililonikaa kichwani siku nyingi ni kwamba kivuli hicho kipo kila mara. Piga harusi nzima kwa lenzi ya kuvuta watu karibu, hutakiona hata kwenye picha moja, lakini kimelala palepale sakafuni, nje ya eneo ambalo lenzi inaliona. Lenzi pana, ile inayomeza ukumbi mzima kuanzia mlango wa jikoni hadi meza kuu, ndiyo inayokuja kukisema. Kadiri unavyotaka kuona zaidi, ndivyo unavyokaribia kuona chombo chako mwenyewe kikiwa kimesimama kwenye mwanga wako mwenyewe.

Watengenezaji wanalijua hilo vizuri. Vitabu vya maelekezo vya kamera za Nikon za enzi hizo vina jedwali linalotaja lenzi moja moja: ukiwa na hii, kwenye milimita hizi, usitumie flashi ya ndani ukiwa karibu kuliko mita kadhaa. Vinaagiza pia hudi ivuliwe, na kitu kinachopigwa kisiwe karibu kuliko sentimita 60. Lakini kamera ya mtumba haiji na kitabu. Inakuja imeviringishwa kwenye taulo, na chaja ya kampuni nyingine, na muuzaji anayekuapia kwamba ilikuwa ya Mzungu aliyeitumia Serengeti wiki moja tu.

Zamani taa na jicho vilikuwa na mapatano. Mwaka 1975 kampuni ya Konica ya Japani ilitoa C35 EF, kamera ndogo iliyobeba flashi ya umeme ndani ya mwili wake. Lenzi yake ilikuwa ya milimita 38, fupi, haibadilishwi. Aliyeichora flashi ile alijua tangu mwanzo lenzi itaona wapi, akaipa mwanga wa kutosha eneo hilo na si zaidi. Mwaka 1987 Pentax ikatoa SFX, kamera ya kubadilisha lenzi yenye uwezo wa kutafuta umakini yenyewe, nayo ikawa na flashi inayochomoza juu ya paji. Hapo mapatano yakaanza kulegea, kwa sababu sasa mwenye kamera aliweza kuvisha lenzi yoyote aitakayo, na flashi haikuwa na la kusema.

Dijitali ikaja kuyavunja kabisa. Kihisi cha kamera nyingi za bei nafuu ni kidogo kuliko filamu ya milimita 35, kwa hiyo lenzi ya milimita 18 juu yake huona karibu sawa na lenzi ya milimita 28 kwenye filamu, kama nyuzi 74 hivi kutoka pembe hadi pembe. Kampuni zikatengeneza flashi za ndani zifike hapo: za Canon hadi milimita 17, za Nikon hadi 18 na baadaye 16 kwa baadhi ya kamera. Watu hawakutosheka. Mwaka 2003 Nikon ikatoa lenzi ya milimita 12 hadi 24, mwaka uliofuata Canon ikajibu kwa lenzi ya milimita 10 hadi 22. Kwenye milimita 10 lenzi ile ya Canon huona nyuzi 107. Na zote mbili zilikuwa nene, uso wake ukihitaji filta ya milimita 77. Jicho likatanuka na mwili wake ukanenepa pamoja nalo, huku taa ikibaki palepale na udogo wake uleule.

Utauliza kwa nini wasiipanue taa pia. Flashi ya ndani inakula betri ileile inayoendesha kamera, na bomba lake la gesi ni dogo, limefunikwa kipande cha plastiki chenye mistari kinachotawanya mwanga. Nguvu ni ile ile. Ukiitawanya ifike nyuzi 107, utakuwa umeipunguza kila mahali, na nguvu yenyewe haikuwa nyingi tangu awali. Mhandisi alilazimika kuchagua kati ya kumulika wengi kidogo na kumulika wachache vya kutosha. Alichagua wachache, nami simlaumu. Akawaachia wapiga picha wa harusi wamalizane na wale wengi.

Sasa tuache nusu mwezi, kwa sababu mimi nauona ni dosari ya heshima. Unajionyesha, unajulikana ulipo, unaweza kuukata. Dosari nzito ya ndoa hii ya flashi ndogo na lenzi pana haina umbo linaloonekana, na watu wameizoea kiasi cha kuiona ni kawaida ya picha za usiku.

Mwanga hupungua kwa kasi kuliko umbali unavyoongezeka. Anayesimama mara mbili ya umbali wa mwenzake hupata robo ya mwanga wa mwenzake. Anayesimama mara tatu hupata sehemu moja ya tisa. Hakuna flashi, hata ya bei ya kiwanja, iliyosamehewa sheria hiyo. Tuseme ukoo umejipanga kwa safu, na kutoka watoto walioketi mbele hadi vijana waliosimama nyuma kuna mita mbili na nusu hivi. Mpiga picha mwenye lenzi pana husogea, kwa sababu lenzi yake inamruhusu. Anasimama mita 1.2 kutoka kwa watoto; vijana wa nyuma wako mita 3.6. Mtoto wa mbele amepata mwanga mara tisa ya kaka yake. Yeye amebabuka na kuwa mweupe pee, kaka yake ni meno na kola ya shati. Watu walewale, safu zilezile, mpiga picha wa pili mwenye lenzi ya milimita 35 amerudi nyuma hadi mita nne. Safu ya mwisho iko mita 6.4. Tofauti ya mwanga imeshuka hadi mara mbili na nusu, kiasi ambacho programu ya kompyuta inakirekebisha bila jasho.

Kwa hiyo kinachogawa mwanga ni pale mpiga picha aliposimama, na upana wa lenzi ndio unaomshawishi asimame pabaya. Wengi husema lenzi pana ni ya kuonyesha watu wote. Kwenye mwanga wa mchana, ndiyo. Usiku, ukitegemea kitaa kilichochomoza kwenye paji la kamera, lenzi pana ni ya kuonyesha walio mbele.

Na walio mbele ni akina nani? Hapa ndipo hesabu za mwanga hukutana na itifaki zetu. Picha ya ukoo Dar es Salaam ina mpangilio ambao hakuna aliyeuandika na kila mtu anaujua. Viti ni vya babu, bibi, wajomba wakubwa na mchungaji au shehe akiwepo. Maharusi wamesimama nyuma ya wazee, au wameketi nao. Watoto chini. Mashangazi wenye sare ya vitenge huwahi mabega ya maharusi, na ole wako umwambie mmoja wao ajibane. Safu ya nyuma ni ya vijana warefu, mashemeji wageni, mke wa mdogo wa bwana harusi aliyeolewa juzi na bado hajajua asimame wapi, na dada wa kazi aliyelea bwana harusi tangu anatambaa, ambaye ameitwa dakika ya mwisho na mtu mmoja mwenye kumbukumbu. Flashi ya ndani huusoma mpangilio huo kwa utii kamili. Inawapa wakubwa nuru, inawanyima wa nyuma, na wa pembeni kabisa inawafanyia mawili: inawatia giza, kwa sababu mwanga haufiki kwenye kona za lenzi, na lenzi yenyewe inawavuta vichwa vikatanuka, kwa sababu kila kilicho ukingoni mwa lenzi pana hutanuka. Miaka ishirini baadaye mjukuu atafungua albamu na kuuliza yule mwenye kichwa kipana gizani ni nani.

Si kwamba mpiga picha anapenda kusogea. Nyuma yake kuna spika za DJ. Kuna meza zilizobanana kwa sababu kamati ya harusi ilialika watu wengi kuliko viti, na kuna mshereheshaji anayehesabu dakika kwenye maiki. Hatua tatu za kurudi nyuma ndizo zingeokoa picha, na hatua hizo tatu zimekaliwa na ndafu. Mbuzi mzima, amekaushwa vizuri, karoti mdomoni, anasubiri wimbo wake. Lenzi pana ilinunuliwa kwa ajili ya kumbi hizi, kwa sababu ya ufinyu wa nafasi, halafu ufinyu huohuo ndio unaoitia doa.

Kuna jingine dogo la shela. Kabla ya flashi kuwaka sawasawa, kamera hutoa mwako mdogo wa kupima, ikasoma ni mwanga kiasi gani umerudi, ndipo ikaamua nguvu ya mwako wenyewe. Shela ya satini nyeupe katikati ya picha hurudisha mwanga mwingi. Kamera inasema, hapa pana nuru ya kutosha, inapunguza; nyuso za ukoo mzima zinazama. Picha inayofuata ni ya bwana harusi na wapambe wenye suti nyeusi, kamera inaona giza, inaongeza, nyuso zinapauka. Kipo kitufe cha kusahihisha hilo, chenye alama ya radi, na mwenye kazi yake hukigusa bila kutazama kila wenye nguo nyeupe wanapoingia na kutoka. Halafu ipo poda. Baadhi ya poda za uso zina chembe zinazorudisha mwanga wa flashi iliyoelekezwa usoni moja kwa moja, na bibi harusi aliyekuwa anang'aa kwenye kioo cha saluni anatoka kwenye picha na uso wa majivu juu ya shingo ya rangi yake. Mpambaji na mpiga picha hulaumiana. Kwa maoni yangu wote wawili wana kesi ya kujibu, ila mpambaji angalau hakuchagua taa.

Dawa za nusu mwezi zinajulikana: vua hudi, rudi nyuma pakiwa na nafasi, vuta lenzi hadi milimita 24 au 28. Kwa ajili ya walio nyuma, ongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ili flashi ifike mbali zaidi bila kutumia nguvu mpya. Nguvu ya flashi hutajwa kwa namba moja, na za ndani nyingi ziko kwenye 12 au 13. Ukiigawa namba hiyo kwa namba ya tundu la lenzi unapata mita zinazofikiwa. Kwa f/5.6 ni mita mbili na kidogo kwenye ISO 100. Panda hadi ISO 1600, inafika mita nane na nusu. Shata ikiachwa wazi muda mrefu kidogo, taa za ukumbi zenyewe zitasaidia kuwaleta wa nyuma, hata kama zitawaleta wakiwa zambarau. Kwa wenye Nikon za daraja la kati za enzi ile kulikuwa na njia ya werevu zaidi: flashi ya ndani iliachiwa kazi ya kutoa amri tu, ikimweka vimweko vidogo vya ishara, na flashi nyingine zilizotegwa pembeni mwa ukumbi ndizo zilizomulika. Napenda sana wazo la taa inayojua udogo wake, ikaamua kuwa msemaji.

Wapo waliokwenda kinyume na yote hayo, wakaichukua flashi ya juu ya kamera kama ilivyo na kuielekeza mahali inapotosha. Mpiga picha Malick Sidibé wa Bamako, aliyepewa tuzo ya Hasselblad mwaka 2003 na ile ya Simba wa Dhahabu ya Venice mwaka 2007, alikuwa akizunguka kwenye sherehe za vijana usiku, miaka ya mwanzo ya uhuru wa Mali, akiwa na kamera na flashi yake. Picha yake maarufu ya mkesha wa Krismasi wa 1963 ina watu wawili, kijana mwenye suti na binti peku, kaka na dada, wamekaribiana vichwa wakitazama miguu yao inavyocheza. Nyuma yao ni usiku. Usiku ule haukumsumbua. Mwanga wake ulitosha watu wawili, akapiga watu wawili, na giza likafanya kazi ambayo pazia la satini hufanya kwetu. Baadaye aliwabandikia vijana picha zao nje ya studio, kila mmoja aje atafute uso wake na kuagiza nakala. Nikitazama picha ile naona kwamba hajaacha mtu gizani kwa bahati mbaya. Aliye gizani humo alikuwa hajaitwa kwenye picha.

Huo ndio ugomvi wangu na lenzi pana ya ukumbini. Inaita watu wote, kisha taa inawapokea wachache. Ahadi ya lenzi na uwezo wa flashi vimefungwa kwenye mwili mmoja, kitufe kimoja kinavifyatua vyote viwili, na anayesimama ukingoni hana namna ya kujua kwamba ameitwa na moja na kukataliwa na nyingine. Anatabasamu. Amejifuta jasho, amenyoosha tai. Kila mtu hutabasamu sawasawa mbele ya flashi, wa kati na wa pembeni.

Ila ni lazima niseme upande wa pili, maana nimekuwa nikizungumza kana kwamba kila mtu anataka nuru. Flashi haikuanza maisha yake kama zawadi. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walichanganya unga wa magnesiamu uliowaka ghafla kiasi cha kumnasa mtu akiwa katika mwendo. Mwandishi wa habari za polisi wa New York, Jacob Riis, mzaliwa wa Denmark, akauchukua unga huo akaingia nao usiku kwenye vyumba vya wahamiaji maskini, mahali ambapo familia zililala zimerundikana bila dirisha. Kitabu chake cha 1890 kilisaidia kusukuma mageuzi ya nyumba za mji ule. Lakini fikiria uko ndani ya chumba hicho. Umelala. Mlango unafunguliwa, watu usiowajua wanaingia, radi inapiga ndani ya nyumba, kisha moshi na wageni wanaondoka na sura yako. Riis mwenyewe aliandika kwamba mara mbili aliunguza nyumba kwa mtambo wake na mara moja alijiunguza yeye. Hakuna mahali nilipoona ametaja kwamba aliomba ruhusa.

Kwetu pwani jambo hili halihitaji maelezo marefu. Kwenye sherehe za wanawake Unguja, Mombasa au Lamu, ambako buibui huvuliwa mlangoni na ndani watu wamevaa kwa ajili ya wenzao, kamera hupigwa marufuku waziwazi, na baadhi ya nyumba hukusanya simu kabla mgeni hajapita. Hata pale kamera inaporuhusiwa yupo mama anayekwepa, anayejibanza nyuma ya nguzo, anayeinua upande wa mtandio kila flashi inapochomoza. Lenzi nyembamba humheshimu bila kujua, kwa kuwa haimwoni. Lenzi pana inamkusanya pamoja na nguzo yake. Hapo udhaifu wa flashi unageuka kuwa stara. Kona ile ya giza ambayo mimi kama fundi naiona aibu ya kazi, kwake yeye ni ukuta. Nimewahi kuletewa picha niiangaze kona, nikaona mkono wa mtu umeziba uso humo gizani, nikaiacha kona kama ilivyo na kumwambia mteja kwamba imegoma. Mteja alinitazama kwa mashaka. Nilimtoza nusu bei.

Siku hizi swali lenyewe linaondoka mikononi mwetu. Kampuni zimeanza kuziondoa flashi za ndani kwenye kamera za daraja la juu: Nikon D810 ya 2014 ilikuwa nayo, D850 iliyoifuata mwaka 2017 haina. Wengi hawakusikitika. Nayo simu ikaja na suluhisho la ajabu, kwa sababu lenzi yake haina bomba, imelala bapa ubavuni mwa taa, na hakuna chuma cha kutupa kivuli. Nusu mwezi umekufa kifo cha kawaida. Kisha simu ikaacha hata kuitegemea taa: gizani inapiga picha kadhaa mfululizo, inazipanga moja juu ya nyingine, programu inanyanyua kila kilichozama, na ukumbi mzima unatoka na nuru moja, wa mbele na wa nyuma, aliyeitwa na asiyeitwa. Kompyuta za studio nazo zinafanya hivyohivyo kwa picha za zamani, ilimradi faili la kamera limetunzwa bila kubanwa. Unavuta kidude kimoja kulia, na kona iliyokuwa nyeusi miaka kumi inaanza kujaa chembechembe, halafu rangi, halafu watu.

Mama mmoja alikuja na faili za harusi ya mwanawe wa kwanza, anataka picha ya ukoo ya futi tatu kwa mbili ukutani, kwa sababu wazee wawili wa safu ya mbele wameshatangulia mbele za haki. Alikuja na dada yake mkubwa, na mkwewe akabeba kompyuta. Ilikuwa picha ya milimita 10 na flashi ya ndani, kila kitu nilichokieleza hapo juu kimo humo. Nikaanza na wazee, nikawarudishia rangi ya uso. Nikanyanyua safu ya nyuma, akina mama wakawa wanataja majina kadiri nyuso zinavyotokea, huyu ni fulani wa Morogoro, huyu ndiye aliyepotea njia siku ile. Nikafika kona ya kulia. Akatokea mwanaume wa makamo, shati la mikono mifupi, hatazami kamera kabisa. Ameshika sahani ya pilau imejaa hadi pomoni, na juu ya pilau kuna mapaja mawili ya kuku.

"Huyu nani?" akauliza dada mtu.

Mama akasogeza miwani. "Si wa upande wenu?" akamuuliza mkwewe.

"Mama, mimi miaka yote nilijua ni wa kwenu. Yumo hata kwenye video."

Wakamtazama kwa muda. Nikawaambia kwamba kumfuta ni kazi ya dakika tano, programu inafanya yenyewe, itajaza pazia mahali pake na hakuna atakayejua.

"Mzamiaji huyu," akasema dada mtu. "Mfute, mwanangu."

"Muache," akasema mama. "Ameshakula."